Fizikia ya chuo kwa aliyesoma HGL: nichukue ipi, na hisabati kiasi gani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Columbus, Ohio, na kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye makazi yao. Tanzania nilisoma HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Fizikia niliiacha kidato cha pili, na Hisabati kidato cha nne nilipata F. Sasa nimeanza chuo cha jamii (community college) na lengo langu ni fiziotherapia. Mshauri wa chuo anasema fizikia ni lazima. Kwenye orodha nimeona fizikia za aina tatu, na moja imeelezwa kuwa haina hisabati nyingi. Wenzangu wananiambia nichukue hiyo nijiokoe. Nichukue? Na mtu kama mimi anaweza kweli kufaulu fizikia?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe, sababu zifuate. Usiichukue ile isiyo na hisabati nyingi mpaka programu ya fiziotherapia unayoitaka ikuambie kwa maandishi kwamba inaikubali. Ikiwa lengo lako ni kuwa mfiziotherapia kamili, chukua ile ya katikati, ya aljebra, lakini si muhula huu. Muhula huu kaa na aljebra peke yake. Na ndiyo, utafaulu, ukijua kitu gani hasa huwa kinawaangusha watu kwenye somo hili. Wengi wanadhani ni hesabu.

Vyuo vya Marekani hufundisha fizikia ya mwanzo kwa ngazi tatu. Kuna fizikia ya dhana: mnasoma mwendo, joto, sauti, mwanga na umeme kwa maelezo na majaribio, na hesabu zake hazivuki sana kuzidisha na kugawanya. Imewekwa kwa ajili ya wanafunzi wa sanaa na biashara wanaotakiwa kuwa na somo la sayansi ili wahitimu. Kuna fizikia ya aljebra na trigonometria, ambayo kwa kawaida huchukua mihula miwili pamoja na maabara. Hiyo ndiyo njia ya walio wengi wanaoelekea fani za afya. Ya tatu ni ya kalkulasi, hisabati ya vitu vinavyobadilika, ya wahandisi na wanafizikia wenyewe. Majina hubadilika chuo hadi chuo, kwa hiyo usiongozwe na jina. Soma mstari wa masharti chini ya maelezo ya kozi. Kama haidai hisabati yoyote, au inadai ya msingi tu, ni ya dhana. Kama inadai aljebra ya chuo, ni ya katikati. Inayodai kalkulasi haikuhusu.

Hukusema fiziotherapia ya ngazi gani, na hilo linabadilisha mambo. Msaidizi wa mfiziotherapia husoma programu ya miaka miwili, na baadhi ya programu hizo hutosheka na muhula mmoja wa fizikia, hata ya dhana. Mfiziotherapia kamili hapa Marekani husomea shahada ya udaktari baada ya shahada ya kwanza, na programu hizo kwa kawaida hudai mihula miwili ya fizikia yenye maabara, ngazi ya aljebra au zaidi. Ukichukua ya dhana ukaja kuambiwa haihesabiki, umepoteza muhula na ada, na bado ile nyingine itakusubiri. Andikia programu mbili tatu barua pepe fupi, taja namba ya kozi, uliza pia kama wanakubali maabara ya mtandaoni na kama alama za zamani zina kikomo cha miaka. Majibu yatunze.

Nisieleweke kwamba naidharau fizikia ya dhana. Ikifundishwa na mwalimu anayeijali, ni kozi nzuri sana, na inafikirisha kuliko watu wanavyodhani. Ninachokataa ni kuichagua kwa woga.

Sasa tuizungumze hiyo hisabati, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Nataka uione ikifanya kazi kwenye kitu unachokigusa kila siku. Kazini kwenu bila shaka kuna rampu, ule mteremko wa kupandishia viti vya magurudumu. Viwango vya ujenzi vinavyotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ya watu wenye ulemavu vinataka rampu isipande zaidi ya kipimo kimoja kwa kila vipimo kumi na viwili vya ulalo. Yaani kupanda futi moja, rampu inyooke angalau futi kumi na mbili. Kwa nini kumi na mbili, na si sita?

Chukua mzee wa kilo 80 kwenye kiti cha kilo 20. Jumla ni kilo 100, na uzito wake ni 100 mara 9.8, yaani niutoni 980 (niutoni ndicho kipimo cha kusukuma na kuvuta). Kabla ya kugusa kikokotoo, chora. Rampu ni mstari ulioinama. Kiti kifanye kiduara tu. Halafu jiulize: ni vitu gani vinakisukuma au kukivuta kiti hiki? Dunia inakivuta chini, kwa hiyo mshale wa kwanza unaelekea chini kabisa, wima, haujali rampu imeinama vipi. Sakafu ya rampu inakisukuma, na sakafu husukuma kwa kusimama mraba juu yake, kwa hiyo mshale wa pili umeegemea kidogo. Wewe unakisukuma kufuata rampu kwenda juu. Huo ni wa tatu. Msuguano tuuache kwa leo. Mishale ni mitatu tu.

Ukienda taratibu bila kuongeza mwendo, msukumo wako unatakiwa kufuta ile sehemu tu ya uzito inayokivuta kiti kurudi chini ya rampu. Sehemu hiyo ni uzito mara saini ya pembe ya rampu (kitufe cha sin kwenye kikokotoo). Rampu ya moja kwa kumi na mbili ina pembe ya karibu digrii 4.8, saini yake ni 0.083, na jibu ni niutoni 81 hivi. Ni kama kubeba mzigo wa kilo nane na kidogo. Rampu ingekuwa ya moja kwa sita, ungesukuma karibu mara mbili ya hapo, na mfanyakazi mwembamba aliye mwisho wa shifti ya usiku angemwachia mzee arudi nyuma.

Tazama hisabati tuliyotumia: kuzidisha mara mbili, na kitufe kimoja cha saini. Na hata hicho kitufe ukikisahau, kuna njia nyingine. Kumpandisha mtu mita moja juu kunadai nishati ileile, umnyanyue wima au umsukume kwenye rampu. Kwenye rampu unasafiri kama mita kumi na mbili ili upande moja, kwa hiyo kila hatua inakudai kama sehemu moja ya kumi na mbili ya uzito. Gawanya 980 kwa 12, unapata 81.7. Kwa saini ni 81.4. Tofauti hiyo ndogo inatokana na kwamba zile kumi na mbili zimepimwa kwenye ulalo wa ardhi, na rampu yenyewe ni ndefu kidogo zaidi. Ukiona mwenyewe kwa nini namba mbili hizo hazilingani sawasawa, umeshaanza kufikiri kama mwanafizikia.

Wanaokosa swali hili mara chache hukosea kuzidisha. Wanakosea mshale. Wengine huulaza mshale wa uzito ufuate mwinamo wa rampu. Wengi zaidi huongeza mshale wa nne, kuelekea juu, wakisema kiti kinakwenda huko kwa hiyo lazima kuwe na kani ya mwendo, yaani kitu kinachokisukuma kwenda huko. Hakuna kani ya namna hiyo. Kitu kinachokwenda hakihitaji kusukumwa ili kiendelee kwenda; kinahitaji kusukumwa ili kibadili mwendo. Wazo hilo moja, ambalo Newton alilichapisha mwaka 1687, linapingana na kila tunachokiona barabarani, na ndilo linaloangusha watu muhula mzima wa kwanza.

Na wanaoanguka hapo si wale tu wenye F ya Hisabati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, aliwapa wanafunzi wake jaribio la dhana lililotungwa na David Hestenes na wenzake wa Arizona State University. Maswali hayakuwa na hesabu. Ni ya aina hii: lori zito linagongana na gari dogo, je, lori linalisukuma gari kwa kani kubwa kuliko gari linavyolisukuma lori? Mwanafunzi mmoja akamuuliza Mazur ajibu kama alivyofundishwa au kama anavyofikiri mwenyewe. Wengi waliokuwa wakitatua milinganyo migumu walifanya vibaya, na Mazur akabadili namna yake yote ya kufundisha. (Kani ni sawa pande zote mbili. Gari dogo linaumia zaidi kwa sababu kani ileile inakibadili zaidi mwendo chombo chepesi.) Mwaka 1998 Richard Hake wa Indiana University alichapisha uchambuzi wa zaidi ya wanafunzi 6,000 katika kozi 62, na zile ambazo wanafunzi walijadiliana na kutabiri darasani ziliwaongezea uelewa kuliko zile za kusikiliza tu. Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kuchagua mwalimu, ulizia nani anawafanya wanafunzi waongee.

Wewe uliyesoma HGL umezoea kusoma swali refu, kutenga lililoulizwa, na kujenga hoja kwa sentensi. Hiyo ni nusu ya fizikia. Itumie. Kila swali, kabla ya mlinganyo wowote, andika kwa Kiswahili sentensi mbili: nini kinatokea, na kwa nini. Sentensi zisipotoka, mlinganyo hautakuokoa.

Nusu nyingine ni hisabati, na hapo siwezi kukupunguzia. Fizikia ya aljebra haidai hisabati pana, lakini hiyo iliyopo lazima iwe mkononi kabisa, kiasi cha kutokufikirisha. Ni ya kidato cha kwanza hadi cha tatu. Cha kwanza na kikubwa ni kuhamisha herufi: ukipewa mlinganyo wenye herufi nne, uitoe yoyote ibaki peke yake. Fanya hili kwa herufi tupu, namba ziingie mwisho. Wanafunzi waoga hufanya kinyume, wanajaza namba mapema kwa sababu namba zinawapa faraja, halafu wakikosea hawawezi kujua walikosea wapi.

Kisha uwiano na vipeo. Hapa ndipo fizikia inapopatikana kwa hesabu ndogo kabisa. Gari linalokwenda maili 30 kwa saa likifunga breki linasimama baada ya umbali fulani. Kwa maili 60 kwa saa, breki zilezile, barabara ileile, umbali huo hauwi mara mbili, unakuwa mara nne: muda wa kusimama umeongezeka mara mbili, na wastani wa mwendo katika muda huo nao umeongezeka mara mbili. Huhitaji kukariri chochote, na anayeendesha Ohio wakati wa theluji anafaa kulijua.

Grafu nazo usizikwepe. Kwenye grafu ya mahali na muda, mteremko ndio mwendokasi. Kwenye grafu ya mwendokasi na muda, mteremko ni mchapuko, yaani jinsi mwendokasi unavyobadilika, na eneo lililo chini ya mstari ni umbali. Wenye kalkulasi wanafanya hayohayo kwa alama nyingine.

Trigonometria ni saini, kosaini na tanjenti za pembetatu mraba, basi. Ila kikokotoo chako kikague kila unapokaa kwenye mtihani: andika saini ya 30. Ikija 0.5, kiko kwenye digrii. Ikija hasi 0.988, kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, na majibu yako yote ya siku hiyo yatakuwa mabaya hata kama umeelewa kila kitu. Vilevile jizoeze kubadili vipimo, maana wagonjwa wako wanapimwa kwa pauni na maabara inataka kilo na niutoni. Mgonjwa wa pauni 180 ana kilo 82 hivi, na uzito wake ni kama niutoni 800.

Vifaa vya bure vipo. OpenStax, mradi wa Rice University, una kitabu kizima cha fizikia ya aljebra mtandaoni bila malipo. PhET ya University of Colorado Boulder, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, ina majaribio ya kuchezea kwenye kompyuta, na baadhi yamefasiriwa kwa Kiswahili. Usiyachezee ovyo: tabiri kwanza kwa maandishi, ndipo ubonyeze. Video za walimu wa kwetu pia ni nzuri, ila watakuandikia mwendo wa mwanzo kwa herufi u, na darasani kwako itakuwa v yenye sifuri ndogo chini. Ni kitu kilekile.

Wiki ngumu ni za mapema. Mnapoanza mwendo wa pande mbili, kitu kilichorushwa hewani, vekta (vipimo vyenye mwelekeo) na trigonometria huja pamoja, na hapo wengi huanza kutafuta mlango. Vumilia. Nishati na momenti, yaani nguvu ya kugeuza kitu kama wenzo, zinakuja baadaye, na hizo zitakuwa na sura ya kazi yako. Shika mfuko wa kilo 5 mkononi, kiwiko kimekunjwa mraba. Mfuko uko sentimita 35 kutoka kiwiko, na msuli wa mbele ya mkono umejishika sentimita 5 hivi kutoka hapo. Umbali ni mara saba, kwa hiyo msuli unavuta mara saba ya uzito wa mfuko, karibu niutoni 340, kabla hata ya kuhesabu uzito wa mkono wenyewe. Ukielewa hilo umeelewa kwa nini mnaambiwa mumkaribie mgonjwa kabla ya kumnyanyua. Mgongo wako ni wenzo wa aina hiyohiyo, na masharti yake ni mabaya zaidi.

Jambo moja nalisema kwa sababu naliona sana kwa wanafunzi wetu wanaotoka Afrika Mashariki. Saa za ofisi za mwalimu hawaendi. Tumekulia shule ambazo kuitwa ofisini ni kesi. Hapa mwalimu amewekewa saa hizo akusubiri, na analipwa kwa ajili yake. Nenda wiki ya pili, si baada ya kufeli mtihani wa kwanza, na uende na mchoro wako, hata ukiwa umekosewa. Vyuo vingi vya jamii vina kituo cha mafunzo ya ziada bila malipo, nacho kitumie. Kuhusu kazi, usijaribu kozi hii huku umejaza shifti za usiku zinazoishia asubuhi ya maabara. Maabara hudai kichwa kilicholala. Na ukifika mahali unataka kuiacha kozi, pita kwanza ofisi ya msaada wa fedha, maana kozi iliyoachwa katikati huhesabiwa kuwa umeijaribu na hukuimaliza, na inaweza kugusa msaada wako.

Muhula wa pili ni umeme, sumaku, mawimbi na mwanga. Hesabu zake si nzito kuliko za kwanza, ila vitu vyenyewe havionekani kwa macho, na hapo kuchora ndiko kunakobeba mzigo. Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyejifunza kazi ya kujalidi vitabu, aliivumbua mwaka 1831 namna ya kuzalisha umeme kwa sumaku akiwa hajui hisabati ya juu. Aliwaza kwa mistari aliyoichora kuzunguka sumaku. Mwaka 1857 alimwandikia James Clerk Maxwell kumuuliza kama wanahisabati hawawezi kuyaeleza matokeo yao kwa lugha ya kawaida pia, ili watu wa majaribio wayatumie. Maxwell ndiye aliyeigeuza mistari ile kuwa milinganyo. Walihitajiana, na kozi yako itakudai kidogo cha kila mmoja wao.

Utakutana humo na mashine utakayoishika kazini. Mawimbi ya sauti ya tiba hutumia masafa ya megahezi 1, yaani mitetemo milioni moja kwa sekunde, kwa misuli ya ndani na megahezi 3 kwa iliyo karibu na ngozi. Sauti ndani ya mwili husafiri karibu mita 1,540 kwa sekunde. Gawanya kwa milioni moja, unapata urefu wa wimbi wa milimita moja na nusu. Gawanya kwa milioni tatu, ni nusu milimita. Hadi hapo ni kugawanya tu. Swali litakalofuata kwenye karatasi ni kwa nini masafa makubwa hayafiki ndani, na jibu lake ni la maneno: kadiri mtetemo unavyokuwa wa haraka, ndivyo tishu zinavyoinyonya nishati yake mapema na kuigeuza joto, kwa hiyo inaishia karibu na juu.